Kabla ya kununua mota ya pili, ulizeni ya kwanza ilikufa na nini

Kitu kikiharibika nyumbani, jambo la kwanza linalotafutwa mara nyingi ni pesa. Pasi imeungua, inunuliwe nyingine. Blenda imegoma, inunuliwe nyingine. Ni wachache wanaokaa chini kuulizana kilichoiharibu, na kama humo ndani yupo mtu aliyeona dalili mapema lakini hakusikilizwa.

Swali hilo halikuulizwa katika nyumba ya familia moja ya Kitanzania inayoishi Edmonton, Kanada. Matokeo yake walizika mota mbili ndani ya majira ya baridi mamoja, wakala sehemu ya akiba ya mabati ya nyumba wanayoijenga Tanga, na mume na mke wakafika mahali pa kusemeshana kupitia watoto: "Mwambie baba yako chakula kipo mezani."

Mashine iliyowafikisha hapo ni ya kufyonza vumbi, lakini si ile ya kuburuzwa sebuleni. Nyumba waliyonunua ilijengwa miaka ya 1980 na, kama nyumba nyingi za huko, ina mfumo mmoja wa kufyonza vumbi la nyumba nzima. Gereji, ukutani, limetundikwa pipa la chuma lenye mota ndani yake, upande wa juu. Kutoka kwenye pipa hilo, mabomba ya plastiki ya upana wa inchi 2 yanapita ndani ya kuta hadi kila ghorofa. Vyumbani kuna matundu ukutani yenye vifuniko. Anayefanya usafi huchomeka mpira mrefu kwenye tundu, mashine inawaka yenyewe kule gereji, na vumbi linasafiri ndani ya kuta kwenda kuishia kwenye pipa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine kubwa ya kufyonza vumbi iliyovutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, na mipira yake mirefu ikaingizwa majumbani kupitia madirishani. Mashine ilibaki nje, mpira ndio ulioingia ndani. Mfumo wa ukutani unafuata wazo hilo hilo.

Kwa familia hii haikuwa anasa. Nyumba yao imetandikwa zulia kutoka ukuta hadi ukuta. Wakati wa baridi, Edmonton hufika nyuzi 20 hata 30 chini ya sifuri, madirisha hufungwa kwa miezi, na hewa ile ile huzunguka humo ndani. Mtoto wao wa mwisho, wa kiume, ana miaka 6 na ana pumu. Fagio likipita kwenye zulia linainua vumbi. Mashine ndogo ya kuburuza, kama filta yake si nzuri, inafyonza vumbi mbele na kurudisha jembamba lake chumbani. Ya ukutani hulipeleka mbali na pua ya mtoto. Tangu wahamie hapo, usiku wa mtoto ulikuwa umetulia.

Chumba cha Bibi

Mwezi Septemba mume aliamua kutengeneza chumba cha chini ya nyumba kwa ajili ya mama yake, aliyetarajiwa kuja Desemba kutoka Tanga na kukaa nao miezi sita. Alipigilia mbao za jipsamu ukutani, akaziba viungo vyake, vilipokauka akavipiga msasa. Chumba kizima kikawa cheupe kama kinu cha ngano. Akachomeka mpira kwenye tundu la ukutani, akafyonza unga wote. Chumba kikang'aa.

Wiki mbili baadaye mke akasikia kitu. Yeye hufanya usafi wa maofisi nyakati za usiku, na mikono yake imeshashika mashine za kila aina.

"Baba watoto, mlio wa mashine umebadilika. Unalia juu juu, na mpira hauvuti kama zamani."

"Ni ya zamani hiyo, mama watoto. Hata sisi tukizeeka tutalia."

Walicheka. Wiki iliyofuata mke alirudia neno lile lile, akajibiwa kwamba anahamishia mambo ya kazini nyumbani. Hakusema tena.

Jumamosi moja ya Novemba, mashine ikiwa inafanya kazi, harufu ya kuungua ilitoka gereji, kisha kimya. Mume alifungua kifuniko cha juu, akaona mota imebadilika rangi. Alipouliza bei ya mashine nzima mpya, ilipita dola elfu moja za Kanada. Mota peke yake ilikuwa dola 240. Akaiagiza, na Jumapili iliyofuata akaifunga mwenyewe. Mashine ikanguruma, watoto wakampigia makofi, na mke akamsifu mbele ya wageni.

"Imekugharimu kiasi gani?" mke aliuliza.

"Kama mia hivi."

Dola 140 zilizobaki alizitoa kwenye akiba ya mabati, kwa nia ya kuzirudisha kimyakimya. Katikati ya Januari mota mpya ikaanza kulia kama gari lililoishiwa mafuta ya beringi, na kabla ya mwisho wa juma nayo ikanyamaza.

Safari hii mume hakufungua kitu. Alimwambia mkewe kwamba tatizo ni la umeme wa nyumba na kwamba atatafuta fundi. Wiki zikapita bila fundi kuja. Ukweli ni kwamba hakuwa na mahali pengine pa kuchota pesa bila kujulikana, na akiiomba kwa mkewe ingebidi aeleze pia habari ya ile ya kwanza.

"Walikufa na nini?"

Bibi alikuwa ameshafika. Asubuhi moja alimkuta mkwewe amepiga magoti kwenye zulia, anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi ili lisiruke. Chumba cha pili mtoto alikuwa anakohoa, dawa yake ya kuvuta ipo kando ya mto.

"Ile mashine ya ukutani imekuwaje?"

"Imekufa, mama."

"Si mwanangu alisema kaitia moyo mpya?"

"Aliutia. Nao umekufa."

Bibi na marehemu mumewe walikuwa na mashine ya kusaga nafaka Muheza kwa miaka mingi. Si fundi, lakini amelala na kuamka na mlio wa mashine.

"Kilichoiua ya kwanza mlikiona?"

"Hapana, mama. Alibadilisha tu."

"Basi mmezika maiti wawili bila kuuliza walikufa na nini. Huyo wa tatu mnamshonea sanda kabla hajafika."

Jioni hiyo mume aliporudi kazini alikuta taa ya gereji inawaka. Plagi ya mashine ilikuwa imechomolewa na kulazwa juu ya meza, mahali pa kuonekana na kila mtu. Mkewe amesimama juu ya stuli, bisibisi mkononi. Mama yake amevaa koti la baridi la mwanawe juu ya kanga, ameshika tochi.

"Mnafanya nini?"

"Tunauliza," alijibu mama yake.

Ndoo ya chini ya pipa, inayopokea taka, ilikuwa imejaa hadi juu. Filta ya kitambaa iliyo kati ya taka na mota ilikuwa imeganda unga mweupe, ngumu kama ukuta uliopakwa chokaa. Pembeni, mshono wake ulikuwa umeachia na kuacha tundu la kupitisha vidole viwili. Mapanga ya mota yaliyo juu ya tundu hilo nayo yalikuwa meupe.

Mke hakusema "nilikuambia". Alisugua ule unga kwa kidole, akamwonyesha mumewe.

"Hili ni vumbi la chumba cha mama."

Mume aliketi kwenye ngazi. Alikaa kitambo. Kisha akasema kwamba ile mota haikuwa dola mia, ilikuwa mia mbili na arobaini, na kwamba nyingine zilitoka kwenye mabati.

"Kwa pesa ningekasirika siku moja," mke alimjibu. "Lakini mimi mlio niliusikia tangu mwezi wa tisa, ukanicheka. Na sasa mtoto anakohoa wiki ya tatu, unaniambia ni umeme."

Bibi alizima tochi, akaiweka juu ya meza, akasema anaingia ndani kupata joto. Aliwaacha wawili hao na mashine iliyofunuliwa.

Kinachoua mota

Mota ya mashine hizi ni ya ukoo mmoja na ile ya blenda, ya drili na ya cherehani ya umeme. Ni nyepesi, ina nguvu na inazunguka kwa kasi kubwa sana, nyingine hukaribia au hupita mizunguko 20,000 kwa dakika. Ndani yake kuna vipande viwili vya kaboni vinavyobanwa na springi ili viguse sehemu ya shaba inayozunguka na kuipelekea umeme. Kaboni hizo zimeumbwa kulika kidogokidogo. Zikiisha, mota hutoa cheche nyingi, huzimika na kuwaka, kisha hugoma.

Mota inayozunguka kwa kasi hiyo hupata joto, kwa hiyo lazima ipozwe kwa hewa. Hapo kuna aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, hewa ile ile iliyofyonzwa vyumbani, ikishachujwa, hupita juu ya nyaya za mota na kuzipoza. Katika aina ya pili, mota ina feni yake ndogo inayovuta hewa safi ya nje kwa njia ya peke yake, na hewa ya taka haigusi nyaya.

Ya nyumba hii ilikuwa aina ya kwanza. Filta ilipozibwa na unga wa jipsamu, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Hewa ikapungua, mota ikakosa cha kuipoza. Na kwa kuwa mapanga yake yalikuwa hayana hewa ya kusukuma, mota ikawa nyepesi na kuzunguka kwa kasi zaidi ya kawaida. Huo ndio mlio wa juu juu aliousikia mke. Anayesikia mlio huo hudhani mashine imepata nguvu, kumbe inakosa pumzi.

Mota ya pili ilikuta mshono wa filta umeachia. Badala ya hewa safi ikapokea unga. Unga wa jipsamu ni mwembamba sana, unaingia kwenye beringi na kusaga kama msasa. Ndiyo maana watengenezaji wa mashine hizi huonya zisitumike kufyonza vumbi la ujenzi. Vumbi la saruji, la jipsamu na jivu la jiko vina mashine zake maalumu. Maji nayo hayafai.

Mota ya aina ya pili, yenye hewa yake, huvumilia kidogo filta ikiziba, lakini ina udhaifu wake: matundu ya kuingiza hewa safi yakifunikwa na maboksi ya gereji, nayo huungua.

Kubadilisha kwa utaratibu

Familia hii haikukimbilia kuagiza mota ya tatu. Walingoja mshahara, wakafanya kazi hiyo pamoja siku ya mapumziko, mke akiongoza. Hatua walizopita zinafaa kufuatwa na yeyote mwenye mashine ya namna hii, au ndugu anayeishi kwenye nyumba yenye nayo.

Kwanza, kuhakikisha kwamba mgonjwa ni mota kweli. Huchomekwa taa ya kawaida kwenye soketi ya mashine, isipowaka basi tatizo liko kwenye swichi kuu ya umeme. Mashine nyingi pia zina kitufe kidogo cha kujikinga ambacho huruka zikizidiwa. Kisha huangaliwa nyaya mbili nyembamba zinazotoka ukutani hadi kwenye pipa. Hizo hubeba umeme mdogo, kwa kawaida volti 24, na kazi yake ni kuiambia mashine kwamba mpira umechomekwa. Zikitolewa kwenye pipa na mahali pake kuunganishwa kwa kipande kifupi cha waya, mashine ikiwaka, mota ni nzima na hitilafu iko ndani ya ukuta. Wapo walionunua mota kwa sababu ya waya mmoja uliong'oka nyuma ya tundu la sebuleni.

Pili, kuchomoa plagi kabla ya kufungua chochote. Kuzima swichi hakutoshi. Kuiweka plagi mezani, mbele ya macho, kama alivyofanya mke huyu, kunazuia mtu mwingine kuichomeka bila kujua.

Tatu, kupiga picha ya nyaya kabla ya kuzigusa. Simu ya mkononi inatosha. Kwa kawaida kuna nyaya mbili za umeme wa mota na moja ya kinga dhidi ya shoti, ile inayoshikana na chuma. Hiyo ya tatu isiachwe bila kurudishwa, hata kama mashine inawaka bila yake.

Nne, kusoma namba iliyo kwenye mota yenyewe. Namba iliyobandikwa nje ya pipa ni ya mashine, si ya mota. Kama karatasi imeungua, hupimwa upana wa mota, huhesabiwa ngazi za mapanga yake, na huangaliwa ni ya aina gani ya kupozwa. Mota mbili zinaweza kulingana kwa upana na bado moja isifae. Volti nazo zisisahaulike: umeme wa Kanada ni volti 120, wa Tanzania ni 230. Wanaorudisha vyombo nyumbani kwa kontena wanalijua hilo, hasa waliowahi kuchomeka blenda ya huko na kuona moshi.

Tano, kutazama kaboni kabla ya kuhukumu. Kama zimelika tu, na shaba inayozunguka bado ni laini na haijaungua, kubadilisha kaboni ni gharama ndogo kuliko mota. Kaboni mpya hazipendi kupewa mzigo mzito mara moja, huachwa kwanza zijikalishe kwa mzunguko mwepesi. Nyumbani Tanzania wapo pia mafundi wa kusuka mota upya. Kanada kazi ya mikono ni ghali kiasi kwamba watu wengi hununua mota nzima.

Sita, kusafisha pipa lote, kuweka filta mpya, na kuweka gasketi mpya chini ya mota. Gasketi ni ile pete laini inayoziba nafasi kati ya mota na pipa. Mume alipofunga mota ya pili alirudisha gasketi ya zamani iliyokuwa imekauka na kupasuka, na hewa ikawa inavuja hapo hapo.

Saba, kupima baada ya kufunga. Mpira huchomekwa kwenye tundu lililo karibu na mashine, kisha lililo mbali kabisa. Kama karibu unavuta vizuri na mbali hauvuti, mota haina kosa. Bomba limeziba au linavuja njiani.

Panapoonekana plagi iliyoyeyuka, soketi iliyoungua au waya wa ukutani uliobadilika rangi, hapo mambo ya bisibisi ya nyumbani yanaishia. Aitwe fundi umeme mwenye leseni.

Kazi ya nani?

Usiku ule gereji, baada ya Bibi kuingia ndani, mume na mke waligundua jambo moja dogo. Mume aliamini kumwaga ndoo ya mashine ni sehemu ya usafi, na usafi anaujua mkewe. Mke aliamini kila kilicho gereji ni cha mumewe. Tangu wanunue nyumba ile, ndoo ilikuwa imemwagwa mara moja tu, na wote wawili hawakukumbuka ni nani aliyeimwaga.

Nyumba nyingi zina ndoo ya namna hiyo. Inaweza kuwa tangi la maji ambalo halijasafishwa, mtungi wa gesi ambao mpira wake umechoka, au kitabu cha kliniki cha mtoto. Kila mmoja anaamini mwenzake anashughulikia. Hakuna anayefanya uvivu. Hawajawahi tu kuambiana kwa mdomo hii ni yako, hii ni yangu.

Jambo la pili ni la kusikiliza. Mume alimcheka mkewe kwa sababu mota ni chuma, na chuma kwake ni mambo ya wanaume. Lakini ndani ya nyumba ile mwenye saa nyingi na mashine alikuwa mke. Mtu anayetumia kitu kila siku hujua mlio wake kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Kumuuliza "umesikia nini?" kusingegharimu hata senti.

La tatu ni la pesa. Dola 140 hazivunji ndoa. Kinachoichosha ni ile kazi ya kuzificha. Mume akishataja mia mahali pa mia mbili na arobaini, inambidi aseme pia umeme, kisha fundi, kisha wiki ijayo. Na wakati wote huo mwenye kulipa alikuwa mtoto aliyekuwa akikohoa usiku.

Walimpigia simu fundi wao wa Tanga, wote wawili wakiwa kwenye laini, wakamwambia mabati yatachelewa kidogo. Fundi hakushangaa. Wateja wake wengi ni wa ughaibuni, na mabati huchelewa.

Mota ya tatu ilifungwa Februari. Pembeni mwa pipa sasa kuna karatasi iliyobandikwa: tarehe ya kumwaga ndoo, tarehe ya kukung'uta filta, na saini. Saini ya kwanza ni ya mume. Ya pili ni ya mke. Ya tatu ni mchoro wa uso unaocheka, kazi ya mtoto wa miaka 6, aliyeruhusiwa kutia saini kwa sharti kwamba asimame mlangoni wakati ndoo inamwagwa nje.

Anayesikia kwanza bado ni mke. Mwezi Aprili alisimama katikati ya sebule, mpira mkononi, akainamisha kichwa.

"Baba watoto, njoo usikie."

Mume aliacha chai yake mezani, akaja, akasikiliza. Kweli, mlio ulikuwa umepanda. Walizima mashine, wakafuata bomba tundu kwa tundu, na baada ya nusu saa wakaichomoa kwenye kona ya bomba la ghorofani: soksi ya mtoto, ya kushoto, iliyokuwa inatafutwa tangu Machi.